Masanduku ya Profesa Timothée

Maharagwe yalinuka mpira unaoungua. Micheline akaonja, akatema, akaongeza chumvi. Ndani ya mbabula, jiko lake la makaa, aliwasha karatasi za mumewe, kwa kuwa makaa huvuka kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na wiki ile hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakipigana kwa mizinga katikati ya Kisangani, mji usio wao. Walaaniwe wote wawili.

Karatasi hizo Profesa Timothée, mwalimu wa historia, alikuwa ameziokoa katika ofisi ya kumbukumbu iliyoporwa. Zilikuwa maneno ya wazee waliochapwa viboko na kukatwa mikono enzi za mpira, wakoloni walipolazimisha kila kijiji kujaza vikapu vya utomvu, na hazikuwa na nakala. Alipokuta masanduku yake ya karatasi matupu alimfuata mkewe jikoni.

"Umechoma batu, Micheline!"

"Papa Clovis," Micheline akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "batoto yako balilala njaa. Karatasi haisikiake njaa."

Asubuhi iliyofuata sauti ya mwanamume ilitoka kinywani mwa Micheline. Ilitaja kijiji cha upande wa Isangi, jina la baba, jina la mtoto, kikapu cha mpira kilichopungua, kisha ikaja sauti ya bibi kizee, kisha nyingine, bila kupumua, bila kumeza mate, na harufu ile ya mpira ikajaa chumbani mpaka watoto wakakimbilia kwa jirani, makombora yakipita juu ya vichwa vyao.

Jirani alimleta Shehe Amisi, mtoa majini kutoka Maniema. Alipoanza kusoma dua, sauti zikafifia.

"Ngoja!" Timothée alinong'ona, kalamu mkononi. Yalikuwa maneno yaleyale yaliyoungua.

"Prof, ile jini ilikuwa inakaa mu makaratasi," shehe alisema. "Mama alichoma nyumba yake, sasa inakaa mu mama. Niache niitoshe leo. Kesho itamumaliza."

"Ikitoka, nitapata wapi tena maneno yabo? Bado maneno ya sanduku moja sijaandika."

"Weye uko mutu kweli?"

Timothée akamsukuma shehe nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Mwanamume mwenye elimu yote ile! Akaketi kando ya kitanda, akaandika mchana kutwa, huku midomo ya mkewe ikipasuka na kutoa damu.

Jioni sauti zikanyamaza. Micheline akafumbua macho, akamtambua.

"Papa Clovis... maji. Niko nakufa."

Timothée akayaandika na hayo, neno kwa neno.

"Endelea," akamwambia.