Kamba za Koti la Afisa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani ambaye, bila kujisifu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano. Asubuhi moja shemeji yake, mtunza mavazi wa makumbusho, alimpeleka kwenye stoo isiyo na dirisha, akamwonyesha koti la afisa wa zamani. Zile kamba za dhahabu zinazoning'inia begani kwa mapambo zilikuwa zimefumuka.

"Saa nne wageni wanaingia, shemeji. Lisipokuwa tayari, kibarua changu kimeota nyasi."

"Wewe kalete chai tu."

Fundi yule ana tabia ya kuvaa kwanza nguo anayoitengeneza, aone inavyokaa. Akalivaa, hajapiga hata mshono mmoja. Mara umeme ukakatika, giza totoro. Akasikia ncha za shaba za kamba zikigongana, kling, kling, zikimjia kwa nyuma. Na ncha zote alikuwa amezibana kiganjani mwake! Akaganda hapo hapo.

Taa ziliporudi, shemeji alifungua mlango, akapiga makofi.

"Umemaliza! Zimekaa sawasawa." Akamzunguka, akajaribu kumvua koti, likagoma kutoka. "Lakini shemeji, huku mgongoni nani amezishona mpaka kwenye shati lako?"