Nyumba ya Kuagwa Mwisho

Gari la parokia lilikuwa limeshatoka Dunda, na Teddy amekaa kiti cha nyuma ndani ya koti zito la baridi, jasho linamtiririka mpaka viatuni. Begi lilizidi uzito unaoruhusiwa kwenye ndege. Katekista Raymundi, ambaye ndiye dereva siku hiyo, alisema koti likivaliwa halipimwi.

"Unalia au unatoka jasho?" aliuliza shangazi yake, Gertruda, gauni lake la kitenge cha njano limepigwa pasi likakakamaa.

"Natoka jasho, shangazi."

"Machoni?"

Teddy alikuwa anakwenda Ujerumani mwaka mzima, kujitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kanisa ndilo lililompeleka. Na mtu aliyetaka kumuaga kuliko wote hakumuona.

Koti hilo ndilo lililowakutanisha. Siku ya mnada wa mitumba, watu wamejaa, Teddy alidaka mkono mmoja wa koti, akakuta mkono wa pili umeshikwa na kijana mrefu wa fulana nyekundu, kofia ya pikipiki kwapani.

"Dada, hilo langu. Barabara ya Saadani alfajiri ina baridi ya kuua."

"Baridi ya Saadani? Kaka, mimi naenda kwenye theluji."

"Theluji unaijua?"

"Nitaijua nikifika."

Kijana akacheka, akaachia. Jina lake Medard, bodaboda. "Haya chukua. Lakini nakuazima tu. Ukirudi nalitaka."

"Unaniazima kitu hujanunua?"

"Ndiyo mjini hapa."

Kisha Teddy akaambiwa na parokia kwamba huko watu huenda kazini kwa baiskeli, na yeye hajui. Medard akajitolea kumfundisha. Kila jioni, Teddy akitoka kwenye somo la Kijerumani, walikutana uwanja wa mpira, Medard anakimbia nyuma ameshika kiti.

"Usiniachie, Meddy."

"Nimeshakuachia zamani, mpenzi. Unaendesha mwenyewe."

Hapo hapo Teddy akaanguka. Sijui aliangushwa na baiskeli au na lile neno.

Siku za mwisho zikawa za kuaga. Teddy aliaga Dunda nzima: fundi cherehani, Bi Mwanajuma wa maandazi, hata mzee Sadallah ambaye kuku wake walimmalizia mchicha. Kwa Medard hakupita. Bibi yake, mama yake Gertruda, alimlea na kanuni moja: nyumba unayoaga mwisho ndiyo utakayoingia kwanza ukirudi. Na haisemwi. Unaenda tu, mwenye nyumba anaelewa.

Medard kwao Kagera. Hakuelewa chochote. Alichojua ni kwamba Bi Mwanajuma alimwambia, "Mwenzio kaniaga, kalia mpaka unga umelowa. Nyie mmeagana lini?" Akaona mpaka kuku wa Sadallah wameagwa, yeye bado. Akazima simu, na alfajiri ya safari akapeleka abiria Saadani. Teddy alipofika kwake na koti lake, alikuta kufuli.

Ndani ya gari akapiga tena. Haipatikani. Ikabidi amwambie shangazi yote.

"Lakini wewe ulimwambia?"

"Bibi alisema haisemwi."

"Bibi yako alikuwa anaaga watu wanaojua, mwanangu. Huyo atajuaje?" Gertruda akachukua simu yake, akampigia Bi Mwanajuma.

"Medard?" alisema Bi Mwanajuma. "Si huyu hapa, karudi sasa hivi, anatafuna andazi kama limemkosea. Shika simu, wewe."

"Haloo," alisema Medard, mdomo umejaa.

"Meddy."

Akameza. "Umeaga kuku, mimi umeniacha."

"Nilikuweka mwisho. Nyumba ya mwisho ndiyo nitakayorudia. Nimekuja asubuhi, nimekuta kufuli."

Medard akaweka andazi chini. "Mbona hukusema?"

"Haisemwi."

"Sasa umesema. Si safari itaharibika?"

"Itaharibika nisipokuona."

"Mko wapi?"

"Tunaingia Kerege."

"Mwambie katekista anunue mananasi. Achague taratibu."

Raymundi alichagua taratibu kweli. Alinusa kila nanasi, akalibonyeza, akalirudisha, mpaka muuzaji akamuuliza kama anaoa. Ndipo pikipiki ikaja na vumbi lake. Medard akashuka, fulana ile ile nyekundu, akasimama mbele ya lile koti.

"Nyumba haikuweza kuja," alisema. "Nimeleta ufunguo."

Akamwekea mkononi.

"Ukirudi, fungua mwenyewe. Ukiingia, usitoke."

"Huko ndiko kuposa?"

"Kwa shangazi nitaposa kwa adabu. Wewe jibu kwanza."

Teddy akautia ufunguo mfuko wa ndani wa koti. "Na wewe leo utaingiaje?"

"Ninao wa pili. Usiniharibie, bwana."

"Basi kwa heri, mwenye nyumba," alisema Teddy, akamuaga.

Theluji aliijua, hakuipenda. Wazee aliowatunza wengine wamefariki, mmoja bado humtumia kadi. Mwaka ulipokwisha alirudi Dunda, akapita mlango wa shangazi bila kubisha, akaenda kwa Medard, akafungua kufuli, akatundika koti, akabandika chai. Gertruda alinuna wiki nzima, kisha akapokea posa. Walifunga ndoa parokiani. Raymundi bado anaendesha lile gari. Bi Mwanajuma bado anakaanga maandazi. Koti analivaa Medard, alfajiri, barabara ya Saadani. Kuku wa Sadallah waliliwa harusini.