Nakala ya Pili

Tabea alikokotwa na pikipiki hatua kumi na mbili pale Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, saa nne asubuhi, watu wote wakitazama. Mwingine angeiachia simu. Yeye hakuiachia. Blauzi yake ya njano, aliyoipiga pasi kwa ajili ya darasa, ilichanika begani, goti likaacha ngozi kwenye lami, na bado vidole viliing'ang'ania ile simu kama kupe sikioni mwa ng'ombe.

"Achia, nitakuua!" alifoka mwizi aliyepanda nyuma, akimtwanga ngumi za mkononi.

"Niue! Notsi zangu huondoki nazo!"

Kistuli cha mbao kutoka kibanda cha chai kikapita juu ya kichwa chake kikivuma, kikamkuta dereva shingoni. Pikipiki ikalala. Dereva akatimua mbio, lakini mwenzake alibanwa mguu chini ya injini, na umati ukamfikia kwa mateke na matofali. Jino likaruka likaangukia kwenye sufuria ya maandazi. Mtu akaitisha petroli.

"Basi! Nimeshaipata!" Tabea alipiga kelele. Aliyerusha kistuli, kijana mrefu mwenye aproni ya jinzi, akasimama naye kumkinga mwizi, akapokea ngumi mbili zisizo zake mpaka polisi walipofika.

"Miezi mitatu ya notsi," Tabea alimweleza kijana huyo. "Nina mtihani wa usalama wa mitandao. Nikifaulu, kazi ninayo."

"Na kwingine umezihifadhi wapi?"

"Kwingine wapi?"

"Mwanafunzi wa usalama huyo!" Kijana alicheka, damu mdomoni. "Naitwa Lemburis, fundi simu, Ngarenaro. Njoo nikuwekee kioo kipya, halafu nikusute vizuri. Hapa sirudi. Mama wa chai ameapa kunipiga na kistuli kilichobaki."

Basi ikawa kila akitoka darasani, Tabea anapitia kibandani kwa Lemburis. Kioo kiliwekwa siku moja. Ubishi ulichukua wiki mbili.

"Chukua programu ya mtandaoni," Lemburis alisema. "Hata simu ikisagwa, notsi ziko hewani zinakusubiri."

"Hewani kwa bando la nani? Kwetu Olmotonyi mtandao unapanda na kushuka kama homa. Nataka hii hapa. Kila notsi ni faili, liko kwenye simu yangu, nalifungua bila bando."

"Mbishi wewe."

"Na wewe unapenda wabishi. Kioo umeweka mara moja, umenipigia mara tisa kuuliza kama kinafanya kazi!"

Lemburis akainamia bisibisi yake, masikio yakiwaka. Akamwekea programu aliyoitaka, ile inayoweza pia kutuma nakala za mafaili kwenye kifaa kingine.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Tabea alifanya alichofundishwa: alikagua ni vifaa gani vinapokea notsi zake. Cha kwanza, simu yake. Cha pili, kompyuta iliyoitwa Fundi Ngarenaro.

Mle ndani ya notsi hamkuwa na masomo tu. Kulikuwa na kurasa zinazomhusu Richard, mchumba wake wa zamani, aliyekuwa akisoma meseji zake kila Ijumaa kabla ya kumpiga. Akaukata ule muunganisho, akaenda kibandani, akaibwaga simu juu ya kaunta ya kioo.

"Umesoma?"

"Tabea, nilitaka tu uwe na nakala ya pili, ikitokea..."

"Richard naye alikuwa anataka tu! Alitaka tu mpaka taya langu likavunjika!"

Lemburis alifungua mdomo, lakini pikipiki mbili zilikwishasimama mlangoni. Wanaume watatu, nondo mikononi. Wa mbele alikuwa na bandeji shingoni.

"Mrusha vistuli yuko wapi?"

Nondo ya kwanza iliisaga kaunta, na simu ya Tabea ikasagika humo humo.

"Toka, Tabea!"

Hakutoka. Alinyakua chuma cha kuunganishia waya, kikiwa chekundu kwa moto, akamkandamiza nacho mmoja wao shavuni. Nyama ikaungua, mtu akalia kama mbuzi. Alipogeuka alimwona Lemburis amelala kifudifudi juu ya kompyuta, ameifunika kwa mikono, na nondo inashuka. Mara tatu. Mifupa ya vidole aliisikia ikivunjika. Ndipo mafundi wa gereji ya jirani walipoingia na spana, na wale watatu wakakimbia.

Kesho yake, wodini, mkono wa Lemburis ulikuwa ndani ya hogo jeupe la plasta.

"Kwa nini hukukimbia, mjinga wewe?"

"Notsi zako zimo mle."

"Nilishakukata!"

"Ulikata muunganisho. Mafaili yalibaki yalipo, si uliyachagua mwenyewe? Ungekubali ya hewani, ningekuwa na vidole."

"Ungeniuliza, ningekuwa na nakala yangu na usingevunjwa vidole."

Tabea alikuwa ameileta ile kompyuta, imebonyea ubavu. Akaiwasha pale kitandani, akakagua tarehe za kufunguliwa. Mafaili mia mbili na kumi na nne. Yote hayakuguswa, isipokuwa moja, lenye jina Lemburis.

"Na hili?"

"Jina langu hilo, Tabea." Aliangalia dari. "Nilisoma, nikafunga, nikaona aibu. Nimekosea."

Tabea alikumbuka alichoandika humo: fundi huyu hajaniuliza nilikuwa wapi hata siku moja, naogopa nitampenda.

"Usinilinde tena bila kuniambia."

"Sirudii."

Tabea alisoma siku tatu mfululizo kwenye ile kompyuta. Alifaulu. Daktari alisema vidole viwili vya Lemburis havitakunjika tena.

"Bisibisi nitashikaje?"

"Nitashika mimi, utanielekeza. Usinifokee tu."

"Basi fungua faili jipya. Siwezi kuandika. Andika: Lemburis anaomba kuja Olmotonyi na wazee wake, kuleta posa."

Vidole vya Tabea vilisimama juu ya kibodi. Kisha vikaandika, neno kwa neno, na chini yake vikaongeza: aje.

"Umehifadhi?"

"Sehemu mbili," Tabea alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na safari hii, nakala ya pili naijua ilipo."