Sauti na Episodi ya Ishirini na Moja

Jumamosi ile mashine za ofisi ya kampuni ya simu, katikati ya Bujumbura, ziligoma tangu saa tatu asubuhi. Kufika saa nne watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba, wengine wakijipepea nacho. Ndipo sauti ya mwanamke ikalipuka katikati yao:

"Ndugu zangu, shikeni viti! Dada Radi ameruka kutoka ghorofa ya tisa, na huko chini hakuna hata godoro!"

Vichwa vyote viligeuka. Karibu na dirisha kijana mmoja mrefu, mwenye miwani ya fremu nyembamba na shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, alikuwa akihangaika na simu yake. Waya wa masikioni ulikuwa umechomoka.

"Pa... pa... pardon," alisema.

"Usizime, mwanangu!" alisema mama mmoja aliyejifunga imvutano ya kijani, vazi la heshima la Kirundi. "Acha tumusikie. Aliruka, halafu?"

Basi ofisi nzima ikasikiliza. Watu walicheka, wakashika vifua, na askari wa mlangoni akasogea karibu. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa msichana wa abaya ya zambarau na mtandio wa rangi ya maziwa, aliyesimama nyuma ya yule mama, akitamani sakafu ifunguke. Sauti ile ilikuwa yake.

Dalia Moosa aliuza vitambaa katika duka la baba yake, mtaa wa Asiatique. Kila Alhamisi jioni televisheni ilionyesha kwa Kifaransa hadithi ya Dada Radi, shujaa anayetoa umeme kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Dalia aliisimulia upya kwa Kiswahili kwa dakika kumi, akawatumia watu mia mbili na arobaini wa grupu la WhatsApp ambao Kifaransa chao kilichechemea. Walimwita Sauti. Hawakujua zaidi, kwa sababu Mzee Moosa alitoa ruhusa yenye mpaka: "Sauti sawa. Jina na picha, apana." Siku hiyo alikuja kuandikisha laini ya pili, ile aliyoitumia kwa kazi hiyo.

Aliposhindwa kuvumilia alimwambia kijana, "Huyo dada anaongeza chumvi sana."

"Mi s-sikubali," kijana akajibu haraka. "Mi naangalia kila episodi, na Kifaransa najua. Huyu haongezi kitu. Anaona vitu mi sikuviona."

"Kama nini?"

"Wiki ile Dada Radi alifunga mulango polepole. Mi niliona mulango. Sauti alisema, tazameni, anaogopa kumuamsha mama yake. Nilirudi kuangalia. Kweli, mama alikuwa amelala nyuma."

Dalia aliuma mdomo ili asicheke. "Basi umemupenda."

"Sauti yake, ndiyo. Yeye mwenyewe sijamuona mbele ya leo."

Dalia hakulishika neno lile la mwisho. Kijana huyo, Hamimu Shaabani, alikuwa amemtambua tangu aliposema "chumvi". Mtu hasikilizi sauti moja miezi minane halafu asiijue. Lakini aliona macho yake yakikimbia, akaelewa kwamba hataki kujulikana, akanyamaza. Mashine zilipofufuka saa sita, walikuwa wamepeana namba. Dalia alitoa ile nyingine, isiyo ya Sauti.

Hamimu alisaga vioo vya miwani katika duka moja la mjini. Ilikuwa kazi ya unywele: ukikosea kidogo, mtu anaona dunia imepinda. Kwa sababu ya kigugumizi alizoea kuandika kuliko kusema, na ujumbe wake ulikuwa mrefu, wenye nukta na mkato kila mahali.

"We unaandika kama mwalimu mukuu," Dalia alimwambia kwa simu, akikunja vitenge. "Niambie kwa mudomo."

"Nikuambie n-nini?"

"Chochote. Umekula nini?"

"Maharage. Na ndizi. Na... na nimekukumbuka, sheri."

"Aa! Hilo la mapenzi umelisema bila kukwama."

Jumapili moja walikutana ufukweni mwa Tanganyika, mchana kweupe, wakala mukeke, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga na kubishana. Hamimu alisema Dada Radi alipaswa kumwacha adui wake azame. Dalia akasema mtu mwenye nguvu kuliko wote ndiye asiyeruhusiwa kuchoka. Hamimu alimtazama akilisema hilo, mafuta ya samaki kwenye vidole, mtandio ukipigwa na upepo, akafikiri kwamba hajawahi kukaa na mtu mwenye akili tamu namna hii. Mara tatu alitaka kumwambia, "Najua ni wewe." Mara tatu aliacha. Alitaka siri hiyo aipewe, asiichukue.

Ikaja episodi ya ishirini na moja ya msimu ule, moja tu kabla ya mwisho.

Ilianza na mlango kubishwa. Akaingia kaka yake Dada Radi, ambaye alikufa mwaka uliopita na wote walimlilia. Akakaa, akaomba chai. Hakuna aliyeshtuka. Mkono wa kushoto wa Dada Radi, ulioungua vibaya episodi ya kumi, ulikuwa mzima. Dirishani lilionekana daraja lililokwisha kuanguka, magari yakipita juu yake. Lakini mtoto wa jirani, aliyezaliwa majuzi tu, alikuwa palepale mkekani akicheka. Kwa dakika arobaini hapakuwa na vita wala umeme. Ndugu wawili walikunywa chai, wakaongea juu ya mama yao, na ikaisha.

Grupu ilitaka kupasuka.

"Mutu amekufa, anarudi kuomba chai?" aliandika Ildephonse, mfanyakazi wa bandarini.

"Waandishi wamelewa," akasema Aloys wa Kigobe. "Daraja nani amelijenga?"

"Nimelia na sijui nalia nini," aliandika Daphrose, muuguzi wa Kinama. "Sauti, tafadhali, tueleze."

Ijumaa Sauti akaeleza. Alisema Dada Radi amelala mahali, ameumia, na hii ni ndoto yake. Katika ndoto mkono haujaungua, daraja halijaanguka, na waliokufa wanamwona mtoto ambaye hawakumkuta. "Ndugu zangu," alimalizia, "nani kati yetu hana mutu angependa kumupikia chai mara moja tena?"

Watu walituma machozi na mioyo mpaka simu zikapata moto. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote.

Adhuhuri Hamimu akaandika. Aliandika kwa furaha, kama mtu anayeendeleza ubishi wa ufukweni: hoja kumi na mbili, zimepangwa vizuri. Nywele za kaka zilikuwa fupi kama mwaka wa kwanza. Jikoni palikuwa na rangi ya zamani. Hata mtoto si yule, ana kidoti shavuni. Kwa hiyo si ndoto. Ni sehemu iliyopigwa picha zamani, ikabaki, sasa wameichomeka kujaza nafasi. Akamaliza: "Sauti ametupa maneno matamu, lakini si ya kweli."

Kwake ule ulikuwa mzaha wa mpenzi. Kwa watu mia mbili na arobaini ilikuwa hukumu.

"Kumbe Sauti anatudanganya!" Ildephonse akaandika. Wengine wakafuata, na mmoja akauliza kama huyo Sauti alishawahi kusoma. Saa nane na nusu, Sauti akajitoa kwenye grupu.

Saa tisa simu ya Hamimu ikalia.

"Ni we umeandika?" Dalia aliuliza.

"Ndiyo, sheri, lakini..."

"Ulijua Sauti ni nani?"

Hamimu alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, likagoma. "N-n-najua. Tangu siku ya kw-kwanza."

"Basi ulijua ni mi, ukanivua nguo mbele ya watu."

"D-d-d..."

Alikuwa akitafuta jina lake. Dalia alidhani hana la kusema, akakata. Baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena, wala ujumbe wake haukusomwa.

Siku tatu Hamimu alisaga vioo vibaya, akarudia kila kimoja. Siku ya nne Daphrose alimwandikia peke yake: "Kaka Hamimu, sibishani na hoja zako. Kaka yangu alikufa mwezi wa pili. Ile ndoto ya Sauti nilikuwa nimeisikiliza mara kumi na moja. Sasa nikiisikiliza naona kidoti cha mutoto."

Hamimu aliweka simu chini. Jioni hiyo aliangalia tena episodi, safari hii bila daftari. Nywele zilikuwa fupi bado, rangi ya jikoni ileile. Lakini aliona namna dada alivyomimina chai ile: taratibu mno, kama mtu asiyetaka kikombe kijae, kwa sababu kikijaa kitanywewa, na kikinywewa mgeni ataondoka. Awe aliigiza zamani au sasa, yule mwigizaji alijua. Na Sauti aliliona hilo mara ya kwanza. Yeye, mwenye kazi ya kuwapa watu macho, hakuliona.

Kesho yake, saa ya chakula, alifunga mlango wa karakana, akashika kitufe cha kurekodi. Hakuwa ametuma sauti yake kwenye grupu hata mara moja. Ilichukua dakika tisa.

"N-ndugu zangu, ni Hamimu. Mi naongea hivi, m-mutanivumilia." Alieleza kuhusu kikombe. Alisema aliona makosa yote ya episodi, akakosa episodi yenyewe. "Wale w-watengenezaji walituletea vipande visivyoungana. Sauti aliviunga, akatupa kitu cha k-kushika. Hiyo si uongo. Hiyo ni kazi kubwa kuliko ya kwangu. S-Sauti, nimekukosea. Nilikukosea na nilikuwa nakupenda, na hilo ndilo ba-ba-baya zaidi."

Mahali pamoja katika rekodi hiyo sekunde ishirini zilipita bila neno, pumzi tu. Hakuzikata.

Dalia hakuwemo tena kwenye grupu, lakini mama yake, Mama Khadidja, alikuwemo. Aliifungulia rekodi ile katikati ya duka, sauti juu kabisa, wakati binti yake akimpimia mteja mita nne za satini. Mkasi ulisimama. Mteja, ambaye hakujua kitu, aliweka pochi yake chini na kusikiliza mpaka mwisho.

"Huyu kijana ni wa nani?" mteja akauliza.

"Hilo hata mi nataka kujua," alisema Mama Khadidja, akimwangalia Dalia.

Saa tisa Dalia alikuwa mlangoni pa karakana, abaya nyeusi leo, macho mekundu.

"Grupu imejaa," alisema. "Ildephonse ameomba musamaha kwa herufi kubwa. Daphrose anasema nirudi. Na Aloys bado anauliza daraja nani amelijenga."

Hamimu alisimama na vumbi la kioo mikononi. "Na we?"

"Mi niliumia kwa sababu ulinijua, ukaniacha nijifiche kama mujinga. Hoja zako, Hamimu... zile kumi na mbili... vreman, kweli kabisa, ni nzuri. Nyingine sikuziona."

"Ndoto yako ni nzuri kuliko."

"Najua," akasema, na hatimaye akacheka. "Ungeniambia, habibi. Ungeniambia tu."

"Basi nakuambia. Nataka k-kukuoa."

Dalia alichezea ncha ya mtandio. "Kamuambie baba. Kwa mudomo. Usimuandikie hoja kumi na mbili."

Siku ya pili Hamimu aliingia dukani na shati jeupe na kofia yake ya Ijumaa. Mzee Moosa alimkaribisha kwenye kiti kati ya mabunda ya vitenge, akaagiza kahawa, akamtazama. Dalia na mama yake walijibana nyuma ya rafu ya mashuka.

"Mzee wangu," Hamimu alianza, "nimekuja ku... ku-ku..."

Neno lilikwama. Jasho likamshuka. Wateja wawili waliingia. Mzee Moosa akawaonyesha kwa mkono wasubiri. Kahawa ikaletwa, ikapoa. Nyuma ya rafu Dalia alishika mkono wa mama yake mpaka ukauma.

"Taratibu, mwanangu," alisema mzee. "Duka linafungwa saa kumi na mbili."

Hamimu alivuta pumzi. Akalisema lote, kipande kwa kipande, jina la Dalia likimchukua muda kuliko mengine yote, na alipofika mwisho alikuwa amelowa kama aliyetoka ziwani.

Mzee Moosa alikunywa kahawa yake ya baridi.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya sala," alisema. "Tutawapikia pilau."

Vigelegele vya Mama Khadidja viliangusha mashuka mawili, na wale wateja, bila kuuliza kisa, wakaanza kupiga makofi.