Hina ya Mguu wa Kulia

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Nouf alivua sare za shule, akala tende mbili, kisha akaja kunisimamia mlangoni.

"Bibi, twende. Na leo usiniambie una usingizi."

Nouf ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Hamdan. Mwaka ule wa 2009 alikuwa na miaka kumi na moja, na kazi yake ilikuwa kunitembeza mimi. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari aliniamuru nitembee nusu saa kila siku, tena nisikanyage chini bila viatu.

Ilikuwa Novemba. Joto la Maskati lilikuwa limevunjika, na sisi watu wa mtaa wa Hail tulitoka majumbani kama kumbikumbi baada ya mvua. Tulipita kando ya hori, yale maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu yakatulia kama ziwa. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamesharudi. Vijana wa mtaa walikuwa wakishusha kuni kwa ajili ya shimo la shuwa, ile nyama tunayoifukia kwenye makaa siku ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu.

Tulipofika mchangani, nilivua viatu.

"Bibi! Daktari kasemaje?"

"Daktari kasema nivae viatu. Hakusema nivivae wapi. Leo nnavivaa mkononi."

Nouf alicheka, nami nikajiona mjanja. Hatukufika mbali. Nouf alitazama nyuma, akaona alama nyekundu mchangani.

"Bibi, damu!"

Nilikuwa nimekanyaga gamba la chaza, likanichana chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Sikusikia maumivu hata kidogo. Ningelia, pengine ningepona. Lakini sukari ilikuwa imeshaua hisia za nyayo zangu, na mimi nikadhani mguu usiouma ni mguu mzima.

"Usimwambie mama yako," nilisema. "Khawla akijua, atanifungia ndani mpaka sikukuu ipite. Viungo vya shuwa ya mtaa mzima nani atavichanganya? Sema wallahi hutosema."

Nouf alisitasita. Nilimkazia macho.

"Wallahi," alisema, kwa sauti ndogo.

Basi tukawa wezi wawili. Kila asubuhi kabla ya basi la shule, Nouf alinijia na maji ya chumvi na kitambaa safi. Siku ya nne kidonda kilitoa usaha. Siku ya saba mguu ulivimba.

"Bibi, tumwambie mama. Nnaogopa."

"Kidonda kidogo hiki! Mie nimezaa watoto saba, ntakufa kwa gamba la chaza?"

Zikabaki siku mbili sikukuu ifike. Nyumba ilinukia karafuu na thumu. Khawla, mkwe wangu, alikuja na bakuli la hina.

"Mama, lete miguu nikupake."

"Nouf atanipaka. Mikono yako mizito kama ya mtu anayekanda mkate."

Khawla alicheka, akatuachia bakuli. Nikamwambia Nouf apake nene, nyayo nzima mpaka vifundoni, kidonda kisionekane. Mtoto alipaka huku machozi yakimdondokea mapajani. Hina ilipokauka, mama yake aliutazama mguu wangu.

"Mbona kama umevimba?"

Nilimtazama Nouf.

"Haujavimba, mama," alisema. "Ni hina tu."

Huo ndio uongo niliomfundisha mimi, bibi yake.

Asubuhi ya siku ya Arafa, sikukuu ikiwa kesho yake, niliamka natetemeka kwa homa. Khawla alidhani ni mafua, akaenda kutafuta vidonge. Aliporudi pamoja na Hamdan, Nouf alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kichwa.

"Mama, si mafua. Ni mguu. Bibi ana kidonda, mimi nimekifunika kwa hina."

Unadhani nilisema nini? Mtu mzima, mwenye mvi, niliyehifadhi juzuu tatu?

"Mtoto mwongo huyu!" nilisema. "Msimsikilize!"

Nouf alinitazama mara moja tu, akainamisha uso. Lakini hakurudi nyuma. Alikwenda kitandani, akafunua shuka mwenyewe. Harufu iliwatosha.

Hamdan alinibeba hadi garini. Hospitalini daktari aliuosha mguu, akamwita mwanangu pembeni. Siku ya sikukuu, watu wakitakiana heri, mimi nilikatwa mguu chini ya goti. Daktari alimwambia Hamdan kwamba ningechelewa siku moja zaidi, wangekuja kunichukua kunizika.

Siku ya tatu walimleta Nouf, amevaa gauni lake jipya. Alisimama mbali na kitanda, akitazama pale shuka ilipolala bapa. Nilikuwa na maskhara tayari mdomoni, lakini aliniwahi.

"Bibi, ningesema siku ile ya kwanza, mguu ungebaki?"

Khawla alinikonyeza nikanushe. Uongo wa huruma ulikuwa karibu kabisa. Lakini uongo wetu ndio uliotufikisha pale.

"Ungebaki," nilisema.

Aligeuka kuelekea mlangoni.

"Njoo hapa. Sikiliza, mwanangu. Mguu umeondoka kwa sababu yangu, si yako. Nilikufunga mdomo, kisha nikakuita mwongo siku uliyosema kweli. Nisamehe. Roho yangu imebaki kwa sababu ulisema. Siri ya zawadi ifiche, siri ya aibu ya mwenzio ifiche. Ugonjwa usiufiche. Mtu mzima akikwambia uufiche, mkatalie, hata akiwa bibi yako, hata akikuapisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alipanda kitandani, akalaza kichwa kifuani kwangu, akalia mpaka gauni jipya likaroa. Nikamwacha alie. Sikumtania.