Nilitambaa Miaka Minne Ili Wageni Walie

Nina miaka thelathini na tisa, ni fundi cherehani hapa Karatu mjini, na miguu yangu ilipooza kwa polio kabla sijaanza shule. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani mkasa huu ni wa ugonjwa. Polio tulishamalizana nayo zamani. Mkasa wangu ni wa kaka yangu wa tumbo moja, Paskali, mtu ambaye mpaka leo nikimwona barabarani natazama pembeni. Si kwa hasira... kwa kinyaa.

Tena ni mkasa wa ujinga wangu mwenyewe. Huo nao sitauficha.

Nimekulia Endamarariek. Nilitembea kwa magongo kwenda shule na wenzangu, nachelewa lakini nafika. Sekondari nilisoma na Restituta wa Mang'ola, naye wa magongo kama mimi. Tulikuwa tunashindana nani atatangulia bwaloni. Nilipomaliza kidato cha nne nikajifunza kushona, nikarudi nyumbani, nikawa nashona sare za shule na magauni ya komunyo barazani kwa mama. Sikuwa tajiri, ila hakuna aliyekuwa ananilisha.

Mama alipofariki, Paskali akaja. Alikuwa dereva wa watalii, mtu wa suruali zenye mifuko kumi na Kiingereza hata anapoomba chumvi. Akaniambia anafungua kituo cha watu wenye ulemavu, kwenye njia ya kwenda Ngorongoro, na mimi nitakuwa mwalimu wa ushonaji.

"Selina mdogo wangu, utawafundisha wenzako wajitegemee," alisema.

Nililia kwa furaha. Siku ileile nikafunga vitu vyangu.

Tulikuwa watu sita pale kituoni. Vyerehani vilikuwepo vitatu, vimefunikwa vitambaa. Siku wageni wa kwanza walipokuwa njiani, Paskali akaja akayachukua magongo yangu.

"Ni leo tu," alisema. "Wakikuona unatembea watadhani huhitaji kitu. Nani anamlilia mtu anayetembea?"

Nikatambaa kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka. Mama mmoja wa Kizungu akatokwa na machozi. Paskali akaniwekea mkono kichwani na kuwaeleza kwa Kiingereza kwamba aliniokoa kutoka kwenye banda la mbuzi, nilikofungiwa tangu utotoni... Mimi, niliyekuwa namsomea mama barua zake! Nilielewa kila neno. Na mnajua nilifanya nini? Nilitabasamu.

Ile "leo tu" ikawa miaka minne, magongo yangu yakiwa yamefungiwa chumbani kwa Paskali.

Msimu wa wageni magari yaliyokuwa yanapanda kwenda kreta ya Ngorongoro yalikata kona kwetu. Likisikika gari getini, vyerehani vinafunuliwa. Likiondoka, vinafunikwa. Hakuna aliyefundishwa kushona hata kifungo. Nilipomuuliza Paskali masomo yataanza lini, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akiuliza jambo la kipuuzi.

"Wakijua kushona wataondoka," alinijibu. "Sasa wageni watakuja kumwona nani?"

Kwa nini sikuondoka siku ile? Nimejiuliza mara nyingi. Alikuwa kaka yangu. Nilikuwa na pa kulala. Lakini niseme ukweli wote: nilikuwa nimeanza kupenda kuliliwa. Mtu akikulilia unajiona una thamani, kumbe ndiyo kwanza anakushusha.

Kisha akaja Restituta.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, analeta mizigo kwenye hoteli za Karatu. Aliposikia niko pale akapita kunisalimia mchana mmoja, akanikuta sakafuni mbele ya wageni. Alisimama mlangoni na magongo yake mpaka wakaondoka.

"Selina, nani amekufundisha kutambaa?"

Nikaanza kueleza. Kaka... wageni... hali yenyewe... Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliposikia uko hapa, nilijua nitamkuta mwalimu," alisema. Akageuka, akaenda zake. Hata chai hakunywa.

Nilishazoea dharau za watu nisiowaheshimu. Hiyo ilikuwa ya mtu ninayemheshimu, nayo ilinichoma mpaka kwenye mifupa.

Kesho yake asubuhi nilidai magongo yangu. Nikasimama, nikaanguka. Nikasimama tena, nikaanguka tena. Magoti yalikuwa yamekakamaa, mabega hayana nguvu. Na goti la kulia lilikuwa na kidonda cha ile sakafu ya saruji, ambacho nilikuwa nakifunga kitambaa kwa miezi.

Hospitali daktari alinitazama akauliza, "Dada, mtu mwenye magongo anapataje magoti kama haya?"

Nikavuta shuka, nikayafunika.

Nilipasuliwa, nikalazwa wiki tatu. Goti lile halitanyooka tena. Zamani nilitoka nyumbani mpaka kanisani bila kupumzika, leo nikivuka barabara natafuta pa kukaa. Hayo hayatarudi.

Paskali alikuja mara moja, mikono mitupu. Aliuliza nitatoka lini, kisha akasema nisijali, amempata dada mmoja wa Qurus ambaye "anatambaa kwelikweli." Aliyasema hayo kwa sauti, muuguzi akiwa pembeni ya kitanda. Yule muuguzi alimtazama kaka yangu kuanzia kiatu mpaka kofia, akamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Ulikuwa haujaisha.

Aliyeniletea uji ni Restituta. Hakunipa pole hata siku moja. Alinisimamisha kando ya kitanda, nikiketi ananiambia, "Inuka. Tena." Nilimchukia kwa wiki mbili, kisha nikaanza kuhesabu hatua.

Nilipotoka tulienda pamoja ofisi ya ustawi wa jamii. Nikaeleza yote, na uongo nilioushiriki. Kituo kikafungwa. Wawili kati ya wale wenzangu leo tunashona nao kwenye fremu yangu ya duka. Yule dada wa Qurus nilimwendea kumwomba radhi, maana kunyamaza kwangu ndiko kulikomfikisha kwenye ule mkeka, akakataa kuzungumza na mimi. Sikumlaumu.

Paskali naye alikuja dukani, mbele ya wateja.

"Nilikulisha miaka minne, Selina. Haya ndiyo malipo?"

"Nilikuwa najilisha kabla hujagundua kuwa nina faida," nilimjibu. "Kama huna nguo ya kupima, wapishe wenzako."

Akatoka. Anatangaza mjini kwamba nimemharibia. Acha atangaze.

Ndugu msomaji, kama una mwenye ulemavu nyumbani, jiulize: tangu nianze kumsaidia, ni kitu gani anaweza leo ambacho mwanzo hakukiweza? Kama hakuna, huo msaada ni wako mwenyewe, yeye umemweka kama pambo.

Na wewe uliye na ulemavu kama mimi, nakusihi. Mtu akikuomba ujifanye huwezi jambo unaloliweza, hata awe wa damu yako, kataa siku hiyohiyo ya kwanza. Ya pili utakuwa umeshazoea.