Hodi ya Mwenye Nyumba

Mume wa Mama Pazia alikuwa makanika wa boti inayovuta meli kuziingiza bandarini, na tangu amuoe mikono yake haikuwahi kukauka grisi. Kwa hiyo mlango wa kwake aliufungua kwa bega. Usidhani ni adabu aliyozaliwa nayo. Alifundishwa na mkewe, mshonaji wa magauni ya harusi, siku alipoacha alama za vidole kwenye gauni la bibi harusi wa watu, akasemwa mpaka majirani wakamwonea huruma. Basi ikawa bega. Puu! mlango, halafu yeye, halafu kikohozi chake cha moshi.

Vita vilipokuja, magauni ya harusi yakaisha. Mama Pazia akawa anashona mapazia meusi ya kuziba madirisha, ndege za adui zisione taa, na ndipo alipopata jina hilo. Nyumba yake ilikuwa na giza mchana kweupe. Wifi yake aliyekaa nao, dada wa mume, binti asiyejua kunyamaza, alikuwa akimwuliza kama humo ndani wanaishi au wamekwisha zikwa.

Na baada ya mapazia yote hayo, ndege zikaja alasiri, jua linawaka. Jamani, adui naye hana hata haya. Wifi wawili walijibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa, wamekumbatiana, sakafu inaruka, vyombo vinaanguka, na kwa kila mlipuko wakisema huu ndio wetu. Walipotoka walisikia harufu ya rangi na mafuta yanayoungua. Meli zilikuwa zinawaka gatini na maji yenyewe yanawaka. Watu walisema boti ya kuvuta ilikwenda kuitoa meli moja kwenye moto. Wengi waliiona ikienda, hakuna aliyeiona ikirudi.

Magharibi wakiwa wamekaa hawana hata nguvu ya kulia, mlango ukagongwa, na sauti wanayoijua ikasema, "Hodi."

"Karibu!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Nani angeacha kujibu? Hodi huitikiwa kabla akili haijafika. Mume akaingia, mzima, hana hata mchubuko. Wifi akamrukia shingoni. Mama Pazia akamshika mikono akailowesha machozi, na ndipo alipoona kwamba mikono ile ni misafi mpaka ndani ya kucha. Akajiambia mtu aliyeogelea kwenye mawimbi hakosi kutakata. Mtu aliyerudishiwa wake haulizi maswali.

Siku zilivyopita maswali yalijileta yenyewe. Mume hakukohoa tena. Kiti alichokalia kiliacha kidimbwi chini, na mkewe akakipangusa bila kusema, akidhani labda ni jasho. Chakula alikigeuzageuza tu. Lakini alikuwa mpole, loo, mpole wa kupitiliza! Zamani alimkemea dada yake kwa kelele. Sasa alikaa akimsikiliza saa nzima akicheka, na binti alifurahi, akasema mabomu yamemfundisha kaka yake utu. King'ora kilipolia, wao walikimbilia chini ya meza, yeye alisimama dirishani, akainua ncha ya pazia, akatazama meli bandarini moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua samaki sokoni, na Mama Pazia akiwa pale chini alimwona miguu tu, miguu iliyotulia wakati nyumba nzima inatetemeka, na kutoka kwenye miguu ile maji yakitambaa polepole yakija upande wao, na yale maji yananuka tope la chini ya bahari na nywele zilizoungua, na kutoka juu, gizani, ikimjia sauti ya mumewe akiimba kwa raha.

Akaogopa. Akamtafuta mganga mmoja mtaa wa nyuma, akamweleza kila kitu. Mganga alimsikiliza huku anatwanga, kisha akauliza jambo moja tu.

"Aliingiaje?"

"Alipiga hodi, akakaribishwa."

Mchi ukasimama. "Mumeo hupiga hodi kwake?"

Mama Pazia akalikumbuka lile bega.

Mganga akamweleza kwa sauti ya chini. Majini ya baharini huchota sura ya mtu aliyeanguka kwenye maji. Sura ya maiti haiwafai, haidumu. Wanavaa ya aliye hai. Kwa hiyo mume yuko hai mahali fulani, na kadiri huyu anavyokaa ndivyo yule anavyokwisha. Dawa ya kumtoa mgeni aliyekaribishwa haipo. Mpaka mwenye nyumba avuke kizingiti chake, na hapo aliyesema karibu ndiye aseme kwaheri.

Mama Pazia alirudi nyumbani ana hofu na ana tumaini. Asubuhi angekwenda hospitali, kule walikolazwa walioungua wasiojulikana. Wifi hakuambiwa kitu. Mdomo wa wifi, alijisemea, haujui komeo.

Asubuhi ilipofika alimkuta mgeni amekaa mlangoni, komeo limefungwa.

"Usitoke leo, mke wangu. Ndege zitakuja tena."

Hajamaliza kusema, mlango ukapigwa. Puu! Komeo likazuia. Puu! Bega.

"Usifungue," mgeni akasema kwa upole. "Mtu asiyepiga hodi si mtu mwema."

Mama Pazia alilijua bega lile. Akampita, akavuta komeo. Kizingitini alisimama mtu aliyetoroka hospitali, amefungwa bandeji mpaka shingoni, mikono mabonge mawili ya kitambaa, uso umeungua hauna nyusi wala midomo ya kufunga. Wifi akapiga kelele, akajificha nyuma ya kaka yake, yule mzuri.

Mama Pazia akamtazama huyu, akamtazama yule. Huku uso anaoupenda, sauti anayoijua, mikono misafi. Huku kidonda kinachopumua. Alijua. Alijua kabisa, na bado alichelewa, na aliyeungua alimwona akichelewa.

"Kama ni kwake, aseme," mgeni akasema.

Yule akafungua kinywa, ukatoka upepo mtupu. Moto ulikuwa umekwisha kula koo. Hapo ndipo Mama Pazia alipoona aibu, akaingiza bega lake chini ya kwapa la mumewe, akamvusha kizingiti.

"Mwenye nyumba amefika," akasema. "Mgeni, kwaheri."

Mgeni akainuka bila hasira. Akashukuru kwa makaribisho mema. "Ila mlinikaribisha wawili," akasema, "na aliyeniaga ni mmoja." Akatoka.

"Kaka, ngoja," wifi akasema, anavaa kandambili. "Usiende peke yako. Ngoja nikusindikize."

Mama Pazia alimwita. Alimwambia huyo si kaka yake, kaka yake ni huyu hapa, akamwambia arudi, akamwomba kwa machozi. Alitaka kumkimbilia, lakini mume alikuwa amemlemea, angemwachia angeanguka kifudifudi. Binti akageuka mara moja, akakitazama kile kilichoshikwa na wifi yake, akatikisa kichwa kwa huruma, na uchochoro mzima ikasikika kandambili ya mtu mmoja inayokwenda pamoja na maneno ya watu wawili, mpaka king'ora kilipolia na kufunika yote.

Waliokuwa wamejificha gatini walisema walimwona binti akishuka ngazi za kuingilia majini, amegeuza uso pembeni, anacheka na mtu.

Mume alipona polepole, bila sauti. Jioni huinua kile kilichobaki cha mkono akaelekeza kwenye mkeka wa dada yake, akiuliza. Mama Pazia humjibu kwamba amemsindikiza mgeni, na hilo si uongo. Naye huitika kwa kichwa, akatulia, maana msindikizaji hafiki mbali. Huishia njiani akarudi.